Adhana ya Mtoto wa Senowara

Walimuua Dilu kwanza, tena mchana kweupe, pale penye bomba ambapo wanawake wa mtaa wetu tulikuwa tumepanga ndoo. Asije mtu kuniambia eti lilitokea gizani, eti hakuna aliyeona. Tuliona wote. Vijana wanne walishuka ngazi za viroba vya mchanga, nyuso wamezifunga vitambaa, wakamvuta Dilu kutoka kwenye kibanda cha chai akiwa bado na kikombe mkononi. Akasema, "Ngojeni niweke kikombe cha watu." Wa kwanza akamkata panga la bega. Wa pili la shingo. Wa tatu akaendelea kukata hata pale ambapo hapakuwa na haja tena, na maji ya bomba yakafurika kwenye ndoo ya mtu, yakachanganyika na damu, yakatufikia miguuni.

Mimi ni Gulbahar, binti wa marehemu Hafez Nozir wa Buthidaung, kule ng'ambo ya mto, na mdomo wangu unajulikana kuanzia juu ya kilima mpaka chini kwenye waya wa kambi. Nimegombana na wagawa mchele, nimegombana na wajenga vyoo, nimegombana na mashehe. Lakini siku ile sikupiga kelele. Nilitupa ndoo nikakimbia, maana Dilu kazi yake ilikuwa kushika kipaza sauti tu. Aliyekuwa akisema kwenye hicho kipaza sauti ni mdogo wangu, Kefayet.

Saya Kefayet, ndivyo watu walivyomwita, kwa sababu alikuwa mwalimu. Hapa kambini kuna watu ambao hatuwataji kwa jina. Tunawaita wenyewe, basi, na kila mtu anaelewa. Wenyewe walikuwa wanachukua vijana wetu kwa nguvu, wanawavusha mto Naf kurudi kule tulikokimbia, wakapigane vita visivyowahusu. Mama akiamka asubuhi anakuta mkeka mtupu. Watu wote walijua na watu wote walifyata ulimi. Kefayet akasimama kwenye mkutano, mbele ya wageni wa misaada na mbele ya askari, akasema. Akasema pia kwamba anayewaonyesha wenyewe nyumba zenye vijana ni majhi wetu, Ziabul, mkuu wa mtaa huu huu, mtu anayetugawia maturubai. Ziabul alikuwa amekaa mstari wa mbele, akatabasamu, akatafuna tambuu yake.

Baada ya hapo Kefayet akawa halali kuuawa. Mkewe na watoto walishatolewa kambini. Yeye alibaki kumalizia mambo yake, mjinga yule, Mungu amrehemu. Siku hiyo alikuwa nyumbani kwangu, na baada ya sala ya alasiri kuna gari lingemchukua pale getini kwenye waya. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitaka duniani siku ile: alasiri ifike, ndugu yangu apande gari.

Nilipoingia ndani nilimkuta anapepea moto wa uji. Nyuma ya pazia binti yangu Senowara alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na Bibi Somuda, mkunga wetu, alikuwa naye.

"Wamemuua Dilu," nikasema.

Akasimama. Akaanza kutafuta viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Dilu. Hawezi kuachwa pale chini hivyo."

Nilimzaba kofi. Mtu mzima mwenye ndevu, nilimzaba kofi la shavuni kama nilivyokuwa nikimzaba alipokuwa na miaka saba. "Dilu hakuhitaji tena wewe! Wanakuja huku sasa hivi. Unanisikia? Sasa hivi!"

Nyumba zetu mnazijua: mianzi, turubai, chumba kimoja na pazia katikati. Nyuma ni korongo tupu, mtu akishuka kule anaonekana na kilima kizima. Nilizunguka mle ndani nikishika hiki na kile, mtungi wa gesi, gunia la mchele, wapi nitamficha mwanaume mwenye mabega yale? Bibi Somuda akatoa kichwa kwenye pazia.

"Mlete huku."

"Bibi, huko siingii," Kefayet akasema. "Yule ni kama mwanangu."

"Basi toka ukafe, utuachie nafasi."

Mwanaume kwetu haingii anapozaa mwanamke. Hata mume haingii. Kefayet aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu, wauaji wako ngazini naye anaona haya. Mwishowe alichukua kitambaa chake cha mabegani, kile chekundu cha mirabaraba, akajifunga uso mzima asione kitu, akaninyooshea mkono nimwongoze. Nikamkalisha nyuma ya Senowara, mgongo kwa mgongo, Bibi akamtupia blanketi na matambara ya uzazi juu yake. Senowara akamwegemea na kusukuma.

"Samahani, mjomba," akasema huku anauma meno.

"Sukuma, mwanangu," Kefayet akasema chini ya blanketi. "Mimi sipo."

Mvua ikaanza. Mvua ya kwetu haidondoki, inamwagwa, na juu ya turubai inapiga kelele mpaka mtu na mtu hawasikilizani. Ndipo wakaingia. Wale wanne, na nyuma yao Ziabul Majhi, uso wazi, mwavuli mkononi, msuli wake ameukunja usilowe tope. Hakujificha hata kidogo. Ajifiche ya nini, na mtaa ni wake?

"Dada Gulbahar," akapaza sauti. "Saya yuko wapi?"

"Kwani mimi nimemweka mfukoni?"

Kijana mmoja akanipiga mpini wa panga hapa, juu ya jicho. Nikaanguka kwenye jiko, uji ukanimwagikia mkononi. Wakatoboa gunia la mchele kwa panga, mchele ukamwagika sakafuni. Wakachana turubai la dari kuona kama kuna mtu kwenye mianzi. Mmoja akanikanyaga kifua, akanisimamia, akawa ananiuliza huku ananikanyaga, na mimi namjibu matusi, maana pumzi ya kujibu kitu kingine sikuwa nayo. Damu ilikuwa inaniingia jichoni. Nilichokuwa nasikia ni Senowara tu, na nilikuwa naomba apige kelele zaidi.

Kijana mwenye bunduki fupi akaenda kushika pazia.

Bibi Somuda akalifungua mwenyewe, nusu tu, akasimama hapo mikono imejaa damu mpaka viwiko. "Karibu!" akamwambia. "Karibu, bwana wee! Ingia umshike mguu huu, mwenzako ashike ule. Au unataka kuona ulikotokea? Mama yako mimi ndiye niliyemzalisha, mbona unaona haya? Njoo!"

Kijana akarudi nyuma hatua kadhaa, akageuza uso ukutani. Wenzake nao wakatazama chini. Watu waliotoka kumkatakata Dilu! Mapanga bado yana nyama, na wanaona aibu ya damu ya uzazi, wasije wakanajisika.

"Ziabul!" Bibi akaita. "Na wewe una mke. Ukimwingilia mzazi leo, nitaimba nyumba kwa nyumba."

Ziabul akatema tambuu kwenye mchele wangu. "Twendeni," akasema. "Humu hamna mwanaume. Mkwe wake yuko Malaysia." Wakatoka, wakaenda nyumba inayofuata, na nikawasikia wanampiga Mama Romida.

Nililala pale sakafuni nikacheka. Nawaambia kweli, nilicheka. Adhuhuri ilishapita, alasiri haikuwa mbali, mvua inawafukuza watu njiani. Nikasema moyoni, tumeshinda, huyu anatoka. Nitamvika baibui langu nimpeleke getini mwenyewe.

Na mtoto akazaliwa.

Alizaliwa kimya. Bibi akamwinua kwa miguu, akampiga makalio, akamfuta mdomo, akampulizia puani. Wa kiume, mzima, vidole vyote, na rangi yake ni ya bluu kama wino. Bibi akampiga tena. Kimya.

"Mpeni adhana," Senowara akasema.

Nikatazama mlangoni.

"Mama. Msomeeni mwanangu adhana kabla hajafa."

Lazima niwaambie kitu hapa. Mtoto wa kwanza wa Senowara alizaliwa njiani tulipokuwa tunakimbia, kwenye jaruba la mpunga, na askari walikuwa karibu kiasi kwamba tulisikia wakikohoa. Hakuna mwanaume aliyethubutu kufungua kinywa. Mtoto akaishi kidogo, akafa, tukamfukia kwenye tope, na sikio lake halikuwahi kusikia jina la Mungu. Binti yangu alikuwa hajawahi kulisema jambo hilo. Siku ile alilisema.

"Wa kwanza mlimzika kama paka," akasema. "Huyu hapana. Mama, huyu hapana!"

Blanketi likasogea. "Mleteni," Kefayet akasema.

"Kefa, nyamaza."

"Dada, mvua hii hata wewe hunisikii vizuri. Mleteni."

Bibi akamweka mtoto mikononi mwake. Alimpokea kwa kupapasa, kitambaa bado kimemfunga macho, akatafuta sikio la kulia kwa kidole, akainamisha mdomo. Akaanza kwa kunong'ona. Allahu Akbar, Allahu Akbar. Nilikuwa nimesimama kwenye pazia, jicho moja ndani jingine mlangoni. Mtoto hakutikisika.

"Sauti, wewe!" Bibi Somuda akamkaripia. "Mtoto wa kiume huitwa, hanong'onezwi! Mwite!"

Na alikuwa na sauti yule mtu. Sauti iliyokuwa ikijaza uwanja hata betri za kipaza sauti zikiisha. Akaitoa kidogo. Akaitoa zaidi. Turubai linanguruma juu yetu, maji yanapita chini ya mlango, nikaona sawa, hakuna atakayesikia. Ash-hadu an la ilaha illallah. Mtoto akakunja mguu. Senowara akalia, "Endelea, mjomba!" Naye akaendelea, machozi yanalowesha kitambaa, sauti inapanda yenyewe. Alipofika Hayya ala s-salah mtoto akashtuka mwili mzima, akavuta pumzi, akapiga ukelele mrefu, na rangi yake ikaanza kuja.

Hapo hapo mvua ikakatika.

Haikupungua kwanza. Ilikatika, kama inavyofanyaga huku kwetu, mtu kafunga bomba. Na sauti ya Kefayet ikabaki peke yake hewani. Hayya ala s-salah, mara ya pili, wazi, tamu, mtaa mzima unasikia. Akanyamaza katikati ya pumzi. Tukatazamana mimi na Bibi.

Saa ile haikuwa saa ya sala. Msikiti hauadhini saa ile. Kila mtu kwenye kilima kile, mpaka mtoto anayetambaa, alijua maana yake: kwa Gulbahar amezaliwa mtoto wa kiume, na ndani ya nyumba ya Gulbahar kuna mwanaume.

Nikamsikia Ziabul, nyumba ya pili kutoka kwangu. Hakupaza sauti hata. "Ile nyumba haina mwanaume," akasema.

Miguu ikaanza kuja kwenye tope.

Kefayet akamrudisha mtoto kwa Bibi, kwa kupapasa vile vile. "Dada, nishike mkono nitoke. Sitaki waingie huku."

"Hutoki!" Nilikuwa nimeshachukua panga letu la kupasulia mianzi. "Hutoki, Kefa, naapa, nitawakata mimi!"

"Watamkata Senowara, Gulbahar." Alinitaja jina. Mdogo mtu hataji jina la dada yake kwetu. Akashika mwanzi wa ukuta, akaufuata kwa mkono mpaka mlangoni, na huko nje, akishawapa mgongo wanawake, ndipo alipojifungua kitambaa. Kefayet hakumwona yule mtoto. Alimshika, alimwita, hakumwona.

Nikatoka nyuma yake. Walikuwa wameshafika kwenye ngazi.

"Mimi hapa," Kefayet akasema. "Ndani kuna mzazi. Msiingie."

Ziabul alitikisa kichwa kama mtu anayesikitika kweli. "Saya, Saya. Si ungekaa kimya leo tu? Siku moja tu ukae kimya, ungekuwa mzima kesho."

"Mtoto alikuwa hapumui, Ziabul."

"Hongera basi."

Yule mwenye bunduki akaielekeza, akavuta, ikalia tak. Akavuta tena, tak. Mvua imeingia. Akaanza kuipigapiga pajani, na Ziabul akamfokea, "Mpumbavu wewe, wape wenzako nafasi!" Hapo nikapita chini ya mkono wa Kefayet nikamkata wa karibu. Nilimlenga kichwa, nikampata mkono, panga likaingia mpaka mfupa na kukwama. Akalia kama mbuzi. Nikaling'ang'ania kulichomoa, na mwingine akanipiga teke la tumbo, nikaporomoka ngazi zote mpaka mtaroni.

Nilivyoona niliona nikiwa chini, kichwa kwenye maji machafu. Bunduki ikakubali. Ikampiga Kefayet kifuani, akakaa, hakuanguka, alikaa kizingitini mwangu kama mtu aliyechoka. Wakamjia na mapanga. Aliinua mikono, wakakata mikono. Mmoja akampiga panga la mdomo, makusudi, akageuza mkono na kupiga tena hapo hapo, na nikasikia meno. Ziabul amesimama juu kidogo na mwavuli wake umefungwa, anawaambia, "Yatosha. Yatosha sasa." Hawakusikia, wakaendelea. Ndani mtoto analia, analia kwa nguvu zote, yeye aliyekuwa hana pumzi.

Walipoondoka nilipanda ngazi kwa magoti. Kila nyumba, milango imefungwa. Nilimbeba kichwa mapajani. Alikuwa bado ananitazama, anataka kusema, na cha kusemea hawakukiacha. Nikamwambia, "Analia, unamsikia? Analia." Nafikiri alisikia. Alasiri ikaadhiniwa nikiwa nimemshika hivyo.

Askari wakaja baada ya wauaji kunawa, kula na kupumzika. Ofisa wao kijana, mtu wa Dhaka, lugha yetu haijui, na mimi Kibangla, lugha yao, nakisikia kuliko ninavyokisema. Basi wakatafuta wa kutafsiri. Wakamleta nani? Wakamleta Ziabul Majhi! Kabadilisha shati, kapaka mafuta nywele.

"Muulize aliwaona?" ofisa akasema.

"Ni huyu!" nikasema. "Huyu huyu anayekuuliza, amesimama hapo juu na mwavuli!"

Ziabul akamgeukia ofisa, akaweka mkono kifuani kwa huzuni. "Anasema hakuona mtu, mkuu. Anasema kulikuwa na mvua. Mama huyu amechanganyikiwa."

Nikapiga kelele, nikajipiga kifua, nikararua mtandio. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nilivyozidi kuwa mama aliyechanganyikiwa. Nilitafuta Kibangla kichwani, nikapata "mchele" na "dawa", maneno ya foleni. Wakamfunga Kefayet kwenye mfuko wakamshusha.

Kesho yake walimrudisha, tukamzika juu ya kilima. Wanaume walimbeba. Ziabul alikuwa wa mbele kulia kwenye jeneza, na walionieleza wanasema alilia machozi. Sikuwepo, mwanamke haendi kaburini. Nilikuwa nyumbani nasugua kizingiti, na damu imeshaingia kwenye mianzi haitoki.

Wakati watu wanarudi kutoka mazikoni, ofisa akapita tena, sijui kutimiza kazi au nini, na Ziabul yuko pembeni yake. Wanaume wa mtaa wamejipanga kwenye njia, kofia kichwani, tope la kaburi miguuni. Ziabul akasimama mbele ya mlango wangu. Akasema kwa sauti ya watu wote wamsikie:

"Dada Gulbahar, pole. Mungu ndiye anayetoa na kuchukua. Nimesikia mtoto adhana yake haikumalizika. Nyumba hii haina mwanaume, na mtoto hawezi kukaa hivyo. Mlete, nimsomee mimi."

Na akanyoosha mikono.

Jamani. Nilifikiri nimeshajua hasira ni nini. Nilizitazama zile kucha alizozisafisha, nikawatazama wanaume njiani. Mume wa Mama Romida, ambaye mkewe jana yake alipigwa mpaka akatapika damu, anatazama viatu vyake. Shehe wa msikiti anatazama mawinguni. Wote walielewa anachotaka. Nikimpa mtoto, ameshanifunga mdomo mimi na mtaa mzima, na ndugu yangu ameuawa na mvua.

Niliingia ndani. Senowara alinikazia macho. "Mama, usimpe!"

"Lete mtoto."

"Mama!"

"Nimesema lete!"

Nikatoka naye. Ziabul akasogeza mikono karibu. Nikampita, nikasimama kizingitini, pale palipolowa, nikageuza sikio la mtoto, nikaanza pale mdogo wangu alipokatizwa. Hayya ala l-falah! Kwa sauti yangu hii, mbovu, ya tambuu, ya ugomvi. Mwanamke anaadhini! Shehe akaruka, "Astaghfirullahi!" Wanaume wakaanza kunguruma, sasa midomo wanayo. Nikarudia, Hayya ala l-falah, juu zaidi.

Ofisa aligeuka. Hapo hakikuhitajika Kibangla wala lugha yetu. Adhana anaijua tangu tumboni. Akatazama mtoto, akanitazama mimi, na uso wake unauliza kwa nini mwanamke, wanaume hawa wote wanafanya nini.

Nikamwonyesha. Niliinua mkono nikamgusa Ziabul kifuani kwa kidole. Kisha nikagusa damu ya kizingiti. Kisha nikajipitishia kidole mdomoni, huku na huku, kama panga lilivyopita. Nikarudisha kidole kifuani kwa Ziabul.

"Anasema..." Ziabul akaanza kutafsiri. Akakwama.

Nikakisukuma kidole kwa nguvu zaidi. Akakishika, akakipinda. Sikukitoa. Watu wote wanatazama, shati lake jeupe lina alama ya damu ya Kefayet, kidole kizima, na mtu huyu mpole wa mtaa, mgawa maturubai, mlia machozi, akasahau ofisa yuko wapi. Akanipiga mwavuli wa mdomo kwa kishikio, nikasikia jino linatoka. "Ungenyamaza wewe!" akapiga kelele kwa lugha yetu, kisha kwa Kibangla cha kueleweka kabisa, "Nilimwambia na yeye anyamaze!" Akanipiga tena. Nilikuwa nimemkumbatia mtoto nimemgeuzia mgongo, na nyuma yangu mkono wangu mmoja bado unamwonyesha.

Ofisa alimshika kola. Alimshika taratibu, kama mtu asiyependa kazi aliyoipata, akamwambia kitu kwa sauti ya chini, na askari wawili wakamshusha ngazi, anateleza, msuli unamvuka. Mkewe akaanza kuomboleza kule nyumba ya juu. Kama watamwachia kesho sijui. Wenyewe wapo, hawajaenda popote, na nyumba yangu wanaijua. Naogopa, nisiwadanganye.

Niliingia ndani nikakaa chini karibu na Senowara. Nikatema damu na jino kwenye kopo. Nikamwinamia mtoto nikamalizia yaliyobaki, kimya kimya sasa, maneno yanatoka vibaya kwenye pengo, mpaka la mwisho. Akapiga miayo.

Bibi Somuda alikuwa amekaa kwenye kona na mikono yake mapajani. Yeye ni mtu wa kufuata taratibu, tangu zamani. "Gulbahar," akasema, "umefanya ulichofanya. Lakini adhana ya mwanamke haihesabiki. Lazima asomewe na mwanaume."

"Haya," nikamwambia. "Nenda kanitafutie mwanaume."

Bibi akainuka, akafungua mlango, akasimama kizingitini. Njia ilikuwa bado imejaa, wamesimama vile vile walivyokuwa, kofia kichwani. Aliwatazama mmoja mmoja kuanzia juu ya kilima mpaka chini kwenye waya. Kisha akafunga mlango, akarudi kukaa.